SAA MOJA NA NUSU TU: MC WA HARUSI ALIYEKAA MIAKA MITATU BILA KUFIKA KWA MAMA YAKE

Kuna MC mmoja hapa Dar es Salaam, wa harusi na sendofu, ambaye ukimsikia mara moja kwenye maiki humsahau. Sauti nzito, utani mwingi, mikono haitulii. Anaweza kumliza shangazi wa bibi harusi, halafu dakika hiyohiyo akamnyanyua kwenye kiti akacheze. Jina lake likae pembeni. Wengi wanamjua, na habari hii hata bila jina inajitosheleza.

Kwao ni Mwanza, Igoma. Alikuja Dar akiwa kijana mdogo na begi moja la mgongoni. Akaanza kwa kubebea watu spika, akawa anashika maiki pale MC wa shughuli anapochelewa, mpaka siku moja kamati ya harusi ikamuulizia yeye kwa jina. Toka hapo Jumamosi zake hazikuwa zake tena.

Mama yake alibaki Igoma. Karibu kila jioni walikuwa wanaongea kwa simu, na kila simu ilikuwa na sentensi moja isiyokosekana:

"Mama, Mwanza siyo mbali. Ni saa moja na nusu tu, nakuja."

Mara ya kwanza kuisikia, mama hakuelewa. Yeye hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Kusikia saa moja na nusu, akajua mwanae anaingia saa moja na nusu jioni. Akanunua sato wawili kwa mama mmoja anayepitisha samaki mtaani, akasonga ugali, akafunika na kawa, akatoka nje kusubiri. Saa moja na nusu ikapita. Saa mbili ikapita. Saa tatu akapiga simu.

"Mwanangu, umefika wapi? Ugali unapoa."

Jamaa alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza kwamba saa moja na nusu ni muda wa ndege kuwa safarini, siyo saa ya kufika. Na kwamba hata tiketi hakuwa nayo, alikuwa anaongea tu. Baadaye stori hiyo akaigeuza utani wa kwenye shughuli, na kila alipoitoa ukumbi mzima ulikuwa unavunjika mbavu.

Mama naye alicheka siku ile. Ila sahani ya pili aliirudisha ndani mwenyewe.

Namba zote alikuwa nazo kichwani

Usije ukadhani huyu jamaa alikuwa hajui umbali. Aliujua kuliko watu wengi. Ukiuliza kwenye simu yako Dar mpaka Mwanza kwa ndege ni umbali gani, utaletewa kitu kama kilometa 850 kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Julius Nyerere kule Kipawa mpaka uwanja wa Mwanza, Ilemela, pale kando ya ziwa. Ndege ya jeti ikishafika juu inakwenda zaidi ya kilometa 800 kwa saa. Ongeza muda wa kupanda, muda wa kushuka, na zile dakika inazotembea kwenye lami kabla ya kuruka na baada ya kutua, ndiyo inatoka hiyo saa moja na nusu ya kwenye tiketi. Ndege ya pangaboi inachukua muda zaidi kwa sababu mwendo wake ni mdogo.

Barabara ni habari nyingine kabisa. Basi linatoka Dar, linapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega na Shinyanga, ndipo linaingia Mwanza. Hapo ni zaidi ya kilometa 1,100, na abiria anashuka miguu imevimba. Ndege haina haja ya kuzunguka huko. Chukua ramani, weka rula kati ya viwanja hivyo viwili: mstari hauigusi Dodoma mjini wala Singida mjini. Unakatiza Kiteto, unapita si mbali na Babati, unasogea karibu na Ziwa Eyasi, unavuka Meatu, halafu ziwa kubwa linaanza kuonekana mbele.

Jamaa alikuwa anayasimulia haya kama mtu wa mamlaka ya anga. Kuna jioni alimfundisha mama mpaka habari za jua. Walikuwa kwenye simu, saa kumi na mbili na nusu, yeye akasema huku kwake giza limeshaingia. Mama akashangaa.

"Mbona huku jua bado linaniwaka usoni?"

Akamweleza kwamba Mwanza iko magharibi ya Dar kwa nyuzi 6 na kidogo. Dunia inatumia dakika 4 kuzunguka kila nyuzi moja, kwa hiyo saa za ukutani ni zilezile nchi nzima, lakini jua likishazama Dar, Mwanza linakaa kama dakika 25 zaidi.

Mama akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo jua likitoka hapo kwako linakuja huku kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na halijakosa."

Jamaa akacheka, akabadilisha mada.

"Kwangu mimi ni mbali, ndiyo maana nakwenda"

Hela alikuwa anatuma, hilo asinyimwe. Bati mpya alipaua yeye. Tangi la maji alinunua yeye. Mdogo wake wa kike, anayeishi na mama, ada ya chuo alimlipia yeye. Mama naye alikuwa anajibu kwa namna yake: kila baada ya miezi michache ungekuta kifurushi cha michembe na samaki wakavu kimepakiwa kwenye basi pale Nyegezi, kimefungwa kamba, kimeandikwa namba ya simu. Kifurushi kinalala njiani, kinafika Dar, jamaa anatuma bodaboda akakichukue stendi.

Yaani michembe ilikuwa inaijua njia ya Mwanza na Dar kuliko yeye.

Ana mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, anaishi Morogoro. Huyu hana habari na ndege. Kwake safari ya nyumbani ni basi la kumpitia Msamvu alfajiri, vumbi, chipsi baridi za njiani, na shingo iliyokakamaa. Lakini mama alikuwa anamuona mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, bila kukosa.

Siku moja kaka mtu akamtania kwenye simu.

"Dogo, unateseka bure. Mimi nikitaka kwenda home nalala Dar naamkia Mwanza. Hata kesho naweza."

Dogo akamjibu taratibu, bila hasira: "Kaka, kwangu mimi Mwanza ni mbali. Ndiyo maana nakwenda."

Jamaa hakuelewa. Alidhani ni wivu. Ilimchukua muda kujua kwamba dogo alikuwa amesema kitu kizito kuliko utani wote aliowahi kuutoa kwenye maiki.

Maana angalia. Dogo, kwa sababu safari ni ndefu, anaanza kuipanga miezi miwili kabla. Anaweka hela pembeni kidogokidogo. Anamuaga bosi mapema. Anakata tiketi, na ikishakatwa imekatwa. Mama anaambiwa siku, anaihesabu. Kaka mtu yeye anaweza kwenda hata kesho, kwa hiyo leo hana haja ya kwenda. Na kesho ikifika, nayo ina kesho yake. Mbali kunapangiwa tarehe. Karibu hakupangiwi chochote.

Wakati huohuo jamaa alikuwa anapanda ndege kama daladala. Zanzibar, dakika 20 hivi angani, alikwenda kwenye shughuli mara nyingi mpaka akaacha kuhesabu. Arusha na Moshi, kila msimu wa harusi. Dubai, zaidi ya saa tano angani, alikwenda mara mbili kununua suti. Safari zote hizo zilikuwa na tarehe, kwa sababu kulikuwa na mtu anayesubiri na advansi imeshalipwa.

Mama alikuwa hajalipa advansi.

Usiku wa Capri Point

Kisha ikaja kazi ya Mwanza yenyewe. Harusi ya watu wenye uwezo wao, ukumbi uko Capri Point, wanamtaka MC wa kutoka Dar. Tiketi ya kwenda na kurudi wanalipa wao, hoteli wanalipa wao.

Akatua Jumamosi saa nane mchana. Gari la kamati lilikuwa linamsubiri nje, wakampeleka moja kwa moja ukumbini kupima vyombo. Njiani akaomba wasimame dakika moja pale ziwani, akapiga picha Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yake, akaitupia kwenye stetasi ya WhatsApp. Akaandika: "Nyumbani ni nyumbani."

Kutoka Capri Point mpaka Igoma kwa bodaboda haifiki saa nzima. Mpango wake ulikuwa kupita kwa mama asubuhi kabla ya kurudi. Hakumwambia, alitaka kumshtukiza.

Shughuli ikanoga, ikavuka saa nane za usiku. Wazee wa upande wa bwana harusi wakamshika, mara picha, mara bia moja ya kuagana. Kitandani akafika saa tisa na nusu. Ndege ilikuwa saa moja asubuhi. Aliposhtuka, dereva wa kamati alikuwa anagonga mlango.

Ndege ilipopaa akaangalia dirishani. Akaona vilima vya mawe na mapaa ya bati yanang'aa, akajaribu kutafuta upande wa Igoma. Mawingu yakafunika. Akalala. Alipoamka walikuwa wanashuka Dar.

Asichokijua ni hiki. Kwenye harusi ile kulikuwa na binti wa jirani yao wa Igoma, alikuwa kwenye kikundi cha wapishi. Saa mbili za usiku alimpigia mama simu kwa furaha: "Mama, mwanao yuko huku anaongea jamani, watu wanalia kwa kucheka!"

Mama akanunua sato wawili. Akasonga ugali, akafunika. Binti yake akamwambia alale, kaka atakuwa kazini mpaka usiku mwingi. Mama akasema kazi kwanza, akimaliza atapita. Akakaa sebuleni mpaka alfajiri. Asubuhi ikasikika ndege. Binti hakusema kitu. Mama ndiye aliyeuliza.

"Hiyo ndiyo ya Dar?"

"Ndiyo, mama."

Jioni jamaa akapiga simu kama kawaida, kama mtu ambaye hajatoka Dar. Mama akapokea.

"Ulifika salama?"

Jamaa akakosa maneno. Yeye, ambaye kazi yake ni maneno.

"Ulikula lakini huko?"

"Nilikula, mama."

Kimya kidogo. Halafu mama akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Mwanangu, kutoka Capri Point mpaka hapa kwangu ni muda gani? Maana kutoka Dar najua, ni saa moja na nusu. Hapo tu ndiyo sijajua."

"Ukija, tutaenda wote"

Usiku huo dogo akapiga kutoka Morogoro. Mara hii hasira ilikuwepo.

"Kaka, unajua kama mama haoni?"

"Haoni nini?"

"Haoni. Ile picha yako na jiwe hakuiona, alisimuliwa. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Kipimo kilishafanyika karibu miaka miwili sasa. Daktari alisema ni upasuaji wa muda mfupi, anaanza jicho moja, kesho yake anafunguliwa bandeji. Yeye kakataa kwenda."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa anakwambia kila siku, kaka. Wewe ulikuwa husikii."

Na kweli alikuwa anaambiwa. Alikumbuka sentensi yenyewe, maana ilikuwa inakuja kila anapomaliza ile yake ya saa moja na nusu. Mama alikuwa anasema, "Haya, ukija tutaenda wote hospitali." Jamaa alichukulia ni mambo ya wazee, kupima presha, kuchukua dawa za magoti. Akajibu sawa mama, akakata simu.

Akakumbuka na mengine. Siku za karibuni akipiga simu ya video mama alikuwa anaelekeza kamera darini, na yeye anamtania, "Mama, unanionyesha bati nililopaua mwenyewe?" Akakumbuka mama alivyosema jua linamwaka usoni. Hakusema analiona.

Mama alikuwa anaogopa kisu cha jichoni, basi. Siyo kitu cha ajabu. Alitaka mtoto wake mkubwa ndiye amshike mkono siku hiyo. Na kwa sababu huyo mkubwa alikuwa haishi kusema yuko karibu, mama hakuona sababu ya kwenda na mtu mwingine. Unaanzaje kutangulia wakati mtu yuko saa moja na nusu tu kutoka kwako? Angesema ukweli, kwamba mama mwaka huu siji, huenda mama angekwenda na dogo Krismasi ile, akaona mapema. Ile "nakuja" ndiyo iliyomchelewesha.

Hapo ndipo jamaa alipofungua kalenda ya kwenye simu. Jumamosi zote za miezi mitatu zimejaa. Akatafuta iliyo karibu zaidi ambayo hospitali ingekuwa na nafasi siku ya kabla yake. Siku hiyo kulikuwa na harusi kubwa, advansi ameshakula nusu. Akampigia mwenye shughuli, akarudisha hela yote, akamtafutia MC mwingine. Akatukanwa. Mama wa bibi harusi alimwambia hatamsahau, na siyo kwa wema. Mteja huyo na ukoo wake wote wakaondoka, na mpaka leo hawajarudi.

Akakata tiketi ya Alhamisi. Akampigia mama.

"Mama, Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Hii inayokuja. Tiketi ninayo mkononi."

Ilikuwa mara ya kwanza ndani ya miaka mitatu kumtajia siku.

Safari yenyewe

Alhamisi hiyo ikampa darasa la umbali. Ndege ilikuwa ya saa nane mchana. Alitoka nyumbani Kimara saa tano asubuhi, maana abiria anatakiwa kuwahi, na foleni ya Dar haina huruma na mtu mwenye tiketi. Akafika Kipawa, akakaguliwa, akapima begi, akakaa. Saa nane ikafika, wakatangaziwa ndege imechelewa. Wakaruka saa kumi. Saa kumi na moja na nusu wakatua Mwanza, jua bado kali. Kusubiri begi, kutafuta taksi, kusimama sokoni kuchukua mahitaji, foleni ya Nyakato.

Ukipiga hesabu kutoka mlango wa Kimara mpaka mlango wa Igoma, alitumia saa nane na nusu. Ndani ya hizo, saa za ndege ni moja na nusu kama alivyokuwa anasema siku zote. Hakuwa muongo wa namba. Ila ile namba inaanza kuhesabiwa ndege ikianza kutembea, haihesabu mtu anayetakiwa kuinuka kitandani, kukataa kazi, na kutoka nje ya mlango. Na kwa miaka mitatu hicho kipande ndicho kilichokuwa kirefu kuliko Kiteto na Meatu ukizijumlisha.

Alimkuta mama amekaa nje, kwenye kiti cha plastiki, kitenge mabegani. Akamsogelea. Hatua tano, hatua nne, hatua tatu. Mama akageuza uso kufuata sauti ya viatu.

"Nani?"

Jamaa anasema amewahi kusikia maswali mengi maishani, lakini hilo hatalisahau.

"Mimi, mama."

Mama hakusimama haraka. Alinyoosha mikono kwanza, akamshika uso, akapitisha vidole kwenye mashavu, kwenye ndevu, kwenye masikio, kama anavyokagua mtu embe sokoni.

"Umenenepa." Kisha akageukia ndani, akamuita binti yake. "Saa ngapi saa hizi?"

"Saa moja na nusu, mama."

Mama akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho yake yale yasiyoona vizuri.

"Haya. Leo umesema kweli."

Ndani kulikuwa na kawa mezani, chini yake sato wawili. Ugali ulikuwa wa moto.

Jumamosi asubuhi

Ijumaa wakaenda hospitali. Jamaa akamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, pale wasiporuhusu mtu kuvuka. Hata stuli ya kukalia hakuitaka, alisimama. Wakati anasubiri simu yake iliita mara kumi na moja. Wateja. Hakupokea hata moja.

Jumamosi, siku ambayo kwa kawaida angekuwa anapiga pasi suti, nesi akafungua bandeji ya jicho la kwanza. Mama akafumba, akafumbua, akafumba tena. Maji yakamtoka. Akaangalia dirisha. Akaangalia mikono yake mwenyewe, akaigeuza. Halafu akamwangalia mwanae, kwa muda mrefu, mtu mzima amesimama pale anasubiri kauli.

"Hee. Umeota mvi."

Kisha: "Na hilo shati, hukupata pasi?"

Nesi akacheka. Jamaa akatoka nje ya chumba. Dada yake anasema alimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, mabega yanatikisika, na kwa mara ya kwanza kaka yake mwenye maneno yote alishindwa kujibu alipoulizwa kuna nini.

Sasa hivi

Jamaa hajahama Dar, na bado ni MC. Msimu wa harusi ukifika ndege anapanda vilevile. Kilichobadilika ni kidogo sana ukikitazama kwa nje. Mwezi wa kwanza, kabla hajachukua kazi yoyote ya mwaka mzima, anaingiza kwenye kalenda safari nne za Mwanza. Tiketi anakata mapema, ambayo pia inamsaidia, kwa sababu nauli ya ndege ukiisubiri dakika za mwisho inaruka kuliko ndege yenyewe. Mteja akitaka tarehe iliyogongana na mojawapo ya hizo, anajibiwa, "Hiyo siku nina shughuli."

"Ya nani?"

"Ya bimkubwa wangu."

Wengine wanaelewa. Wengine wanatafuta MC mwingine.

Ule utani wa ugali kupoa bado anautoa kwenye maiki, lakini sasa hauishii kwenye kicheko. Anaumalizia kwa kuwataka maharusi watoe simu palepale mezani, waandike siku watakayokwenda kwa wazazi wa kila upande. Hakubali "tutakuja". Anataka tarehe. Ukumbi unacheka, maharusi wanaandika, na huwa kuna mzazi mmoja au wawili pale meza ya mbele ambao hawacheki, wanaangalia tu kama kweli imeandikwa.

Jicho la pili la mama lilifanyiwa kwenye safari iliyofuata. Dogo wa Morogoro naye alikuwepo, alikuja na basi lake, akafika siku moja kabla ya kaka mtu, kama kawaida yake.

Simu za jioni zinaendelea. Juzijuzi jamaa alipiga saa kumi na mbili na nusu, Dar taa za barabarani zimeshawaka. Akamuuliza mama huko vipi. Mama akageuza kamera, mara hii hakuielekeza darini. Akamwonyesha jua, jekundu, linashuka nyuma ya vilima vya mawe.

"Naliona linakuja," akasema. "Na wewe tarehe yako ni ileile?"

"Ileile, mama."

Na wewe unayesoma hapa, kwenu ni saa ngapi kwa ndege, ngapi kwa basi? Hiyo unaijua. Tarehe je?